Wazee wa melini na magofu ya Kilwa

Dada, umeuliza kama wageni wako wa miaka 70 na kitu, wanaoshuka melini, wataimudu ziara ya miguu Kilwa Kisiwani. Gereza (ile ngome ya kale) na Msikiti Mkuu wataviweza, haviko mbali na ufukwe. Kasheshe ni mashua. Maji yakipwa unashukia majini, viatu mkononi, chini mawe na utelezi. Shangazi yangu ilibidi abebwe mgongoni, na mpaka leo hataki tulitaje! Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize mwongozaji saa ya maji kujaa. Husuni Kubwa, magofu ya kasri la sultani, ningeiacha, jua ni kali. Mwenye mkongojo asubiri meli ikifika Mtwara, apande bajaji hadi Mikindani akalione Boma la Wajerumani la 1895.