Robinson na Mayweather katika uzani wa welta: nani angeshinda?

SWALI: Mwalimu, tunabishana kila siku kuhusu Sugar Ray Robinson na Floyd Mayweather. Wakikutana ulingoni kwa pauni 147, kikomo cha uzani wa welta, wewe kama kocha unaanzia wapi kupima?

JIBU: Naanza na kanuni za pambano. Robinson aliutwaa mkanda wa welta Desemba 1946 kwa raundi 15 dhidi ya Tommy Bell, enzi ambazo bondia alipima uzito siku ya pambano. Mayweather hakuwahi kupigana zaidi ya raundi 12, na alipima siku moja kabla. Uzito haunisumbui sana, maana Floyd hakuwa mtu wa kujikausha maji mwilini kupita kiasi ili afikie uzito, kisha ajaze tena kabla ya pambano. Raundi tatu za ziada ndizo zinazonisumbua.

Halafu maumbile. Robinson alikuwa na sentimita kama 180, Mayweather 173, lakini mikono yao inakaribiana sana kwa urefu. Kwa hiyo msimwone Floyd kama mtu mfupi anayelazimika kujipenyeza ndani.

Sasa tuangalie ulinzi wa Floyd. Mkono wa kushoto anaushusha kiunoni, kidevu anakificha nyuma ya bega, wa kulia unakaa shavuni. Ukimrushia ngumi ya kulia iliyonyooka, bega linazunguka, ngumi inateleza, naye anakujibu kwa kulia kabla hujarudisha mkono. Kinachomkera ni jabu, ile ngumi ya haraka iliyonyooka ya mkono wa mbele, kwa sababu ule mkono wa kushoto uko chini. Mwaka 2007 Oscar De La Hoya alimsumbua kwa jabu, kisha akaiacha, na hadi leo inaniuma nikilitazama pambano lile. Robinson asingeiacha.

Tena Robinson alipiga vikali hata akirudi nyuma. Tazama pambano lake na Gene Fullmer, Chicago, Mei 1, 1957, raundi ya tano. Fullmer anamfuata, Robinson anajivuta nyuma kidogo, kisha ngumi ya kushoto ya kuzungusha inatua kidevuni, Fullmer chini. Alikuwa amebakiza siku mbili kutimiza miaka 36, na huo ulikuwa uzani wa kati, mzito kuliko welta. Filamu zake za ujana, za welta, zimebaki chache mno, kwa hiyo wengi wenu mnamhukumu kwa miaka yake ya baadaye.

Floyd naye msimdharau. Mei 1, 2010, Shane Mosley alimpiga kulia katika raundi ya pili, magoti yakalegea. Floyd alimkumbatia Mosley, akatulia, akamsoma, na raundi karibu zote zilizofuata zikawa zake. Kichwa cha namna hiyo ni adimu sana.

Kwa raundi 12 naona pambano la kubishaniwa, majaji wakigawanyika. Kwa raundi 15 nampa Robinson kwa pointi: jabu ingekuwa imekusanya alama nyingi, na kuanzia ya 13 Floyd angekuwa mahali ambapo hajawahi kufika, mbele ya mtu aliyepazoea.