Kupima kazi ya kutafuta linki: ushauri kwa wanaoanza SEO

Wadogo zangu mnaoanza SEO, yaani kazi ya kuipandisha tovuti kwenye matokeo ya Google, hapa Dar, swali la kwanza la mteja huwa ni: "Mmenipatia linki ngapi?" Anamaanisha viungo kutoka tovuti nyingine vinavyoelekea kwenye tovuti yake. Mjibu, ila msiishie hapo. Linki 40 zikitoka kwenye tovuti moja, bado ni tovuti moja tu iliyokukubali. Hesabu tovuti tofauti, kisha zifungue uone kama zina wasomaji na kama zinahusiana na biashara ya mteja.

Domain Authority ni alama ya nguvu ya tovuti inayotolewa na kampuni ya Moz, Domain Rating ni ya kampuni ya Ahrefs. Google haipangi matokeo kwa alama hizo, kwa hiyo zisiwe ndiyo ripoti yako.

Kipimo chenyewe kiko kwenye ukurasa uliotafutiwa linki. Chukua duka la Kariakoo linalouza sare za shule. Umepata linki Novemba, Januari wageni wamefurika. Ni linki hizo? Januari shule zinafunguliwa, kila mzazi anatafuta sare! Ingia Google Search Console, zana ya Google inayoonyesha watu walivyoifikia tovuti kwa kutafuta, ulinganishe Januari hii na ya mwaka jana. Data zinakaa miezi 16, zinatosha. Chuja uondoe utafutaji wenye jina la duka, maana anayeandika jina tayari analijua. Halafu tazama ukurasa wa mabegi, ambao hukuutafutia linki. Kama nao umepanda vilevile, huenda msimu ndio uliobeba. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Bila hiyo unamuuzia mteja sifa ya Januari.

Usipime baada ya wiki moja. Google lazima ipitie kwanza ukurasa wenye linki, na matokeo yanaweza kuchukua miezi. Anayekuahidi mamia ya linki za kununua kwa mkupuo mwache. Tangu Penguin, sasisho la Google la 2012 dhidi ya linki za hila, tovuti nyingi zimeporomoka kwa mtindo huo.

Mwisho kuna mauzo, na wanunuzi wengi wanamalizia WhatsApp, ambako takwimu za tovuti hazifiki. Kwenye ukurasa wa sare weka kitufe cha WhatsApp chenye ujumbe ulioandikwa tayari: "Habari, nimeona sare kwenye tovuti yenu." Mwombe dada wa mauzo ahesabu jumbe hizo kila Jumamosi kabla ya kufunga duka, na idadi hiyo iingie kwenye ripoti yako.