Hosteli za wanafunzi mitaani: maswali yenu kuhusu kibali cha kaunti

Jirani yangu hapa Parklands, Nairobi, amegeuza maisoneti yake, nyumba ya familia yenye orofa mbili, kuwa hosteli. Vyumba vimegawanywa kwa mbao, na kila kona ina kitanda cha orofa. Anasema nyumba ni yake na hajajenga kitu. Je, anahitaji kibali?

Anahitaji. Sheria ya Kenya ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 haitazami ujenzi peke yake. Kubadilisha matumizi ya jengo nako kunahitaji idhini ya kaunti, na nyumba ya familia moja ikianza kukodishwa kitanda kimoja kimoja, matumizi yamebadilika hata kama paa ni lile lile. Anayeanza bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Hili si jambo la makaratasi tu. Mabomba ya maji taka na tangi la maji la nyumba ile yalipimwa kwa familia moja, na yakizidiwa, uchafu huibukia kwenu nyote. Nenda ofisi ya mipango ya kaunti uulize kama ombi la kubadilisha matumizi lilipokewa. Kama halipo, andika malalamiko na ubaki na nakala yenye muhuri.

Chama chetu cha wakazi hakitaki wanafunzi mtaani kabisa. Tunaweza kupinga hosteli mpya kwa sababu hiyo?

Hapana, na nawasihi msijaribu. Sheria inaangalia ardhi inatumikaje, haiwachagulii majirani. Vyuo vikuu vyetu vya umma vinasajili vijana wengi kuliko vitanda vilivyomo, na hao wanaobaki nje lazima walale mahali. Ndiyo maana Ngara, Kahawa Wendani na Juja zimejaa bedsita, vile vyumba vya kupanga vya chumba kimoja. Kijana aliyetoka Turkana kuja kusoma ana haki ya kuishi karibu na darasa lake kama mwanao.

Mnachoweza kupinga ni mambo ya kupimika: majengo kubanana, barabara nyembamba, maji taka, maegesho, moto. Mwombaji anatakiwa kuutangazia umma mradi wake, na tangazo kwa kawaida hutoa siku 14 za kuwasilisha pingamizi. Kaunti ikiidhinisha na hamkuridhika, mna siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango. Wengi hulitambua tangazo mashine zikishaingia shambani. Mchagueni mtu wa kuyafuatilia.

Na kelele za usiku?

Hizo zina kanuni zake, za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira. Usiku kwa hesabu yake huanza saa mbili na dakika moja, na hosteli yenye kibali haisameheki. Anza na mtunzaji wa jengo, kisha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, au kaunti.

Niliomba kubadilisha matumizi ya ploti yangu Juja ili nijenge hosteli. Miezi mitatu sasa, kimya. Nianze?

Sheria inasema usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, idhini inachukuliwa kuwa imetolewa. Lakini usiuegemee ukimya peke yake. Hakikisha una stakabadhi inayoonyesha tarehe ombi lilipopokewa, kisha waandikie ukiwakumbusha. Idhini hiyo haikuondolei wajibu wako kwa NEMA wala wa kusajili ujenzi kwa mamlaka ya ujenzi.

Hosteli yetu imebandikwa ilani ya kaunti na tumeshalipa muhula mzima. Tutafurushwa kesho?

Ilani humpa mwenye jengo siku 14 za kukata rufaa, kwa hiyo itafute tarehe iliyoandikwa uihesabu. Mkilazimika kuhama, kodi ya miezi ambayo hamkukaa mdaini mwenye jengo. Tunzeni ujumbe wa M-Pesa na mkataba. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na si lazima uwe na wakili.

Kabla ya hayo yote, tazameni madirisha. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unataka madirisha ya bweni yasiwe na vyuma na milango ifunguke kwa nje. Uliandikiwa shule, lakini moto hauulizi kama bweni ni la shule au la mtu binafsi. Kama chumba chenu kina vyuma dirishani na mlango mmoja unaofungwa kwa kufuli usiku, mwambieni mwenye nyumba leo, kwa maandishi, na mwanze kutafuta pengine.