Ni ujana tu, au anaugua?

SWALI: Binti yangu wa miaka 15 amejitenga tangu shule zifungwe. Akiulizwa jambo anafoka, anakesha na simu, na kwaya aliyoipenda ameiacha. Ni ujana tu? – Mama, Umoja, Nairobi

JIBU: Mama, kufoka peke yake kusikutishe. Kuacha kwaya ndiko kunakotutia wasiwasi. Kwa vijana, sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kupoteza hamu ya uliyoyapenda, mara nyingi hujitokeza kama hasira badala ya machozi, nasi wazazi tukadhani ni utundu. Hali hii ikidumu wiki 2, karibu kila siku, mpeleke kituo cha afya.

Kwa sasa anza na usingizi. Umri wake unahitaji saa 8 hadi 10. Simu zote, hata yako, zilale sebuleni. Usimpokonye katikati ya ugomvi, maana huenda humo ndimo walimo marafiki waliombakia. Zungumzeni mkichambua sukuma wiki: kijana hufunguka asipokodolewa macho. Muulize waziwazi kama amewahi kutamani kufa. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu ya panya nyumbani, mfikishe hospitalini siku hiyohiyo. Nambari 116 ya watoto hupigwa bure.