Waranti imekataliwa kwa kisingizio cha uchakavu: anza hapa

Pole sana ndugu. Giaboksi kufa wakati waranti ya gari lako la mtumba bado ipo, halafu uambiwe ni "uchakavu wa kawaida", inauma kweli.

Kwanza waambie waliokupa waranti wakueleze sababu kwa maandishi, wakitaja kifungu cha mkataba wanachokitegemea. Maneno ya simu hayakusaidii.

Kubwa zaidi ni ushahidi. Usikubali gereji itupe kipuri kilichoharibika kabla fundi asiye na upande hajakikagua na kuandika ripoti: nini kimevunjika, na kwa nini. Beringi iliyopasuka ghafla si sawa na klachi iliyolika taratibu, na ripoti ikilieleza hilo, hoja yao ya uchakavu inalegea. Piga picha pia, na uandike kilomita zilizosomeka siku gari lilipoharibika.

Kisha andika rufaa, ambatanisha ripoti na risiti za sevisi, uwape tarehe ya mwisho ya kujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa chombo cha kutetea walaji au mahakama ya madai madogo. Na aliyekuuzia gari usimwache: katika nchi nyingi sheria humwajibisha kwa kasoro iliyokuwepo tangu siku ya mauzo, hata waranti ikigoma.