Muulize Fundi: Picha Ipo, Sauti Imeenda Wapi?

Toleo hili nimepata meseji nyingi za Raspberry Pi, kile kikompyuta cha Linux cha ukubwa wa kadi ya benki, na karibu zote zinalia kitu kimoja: sauti. Sikujua kama huku kusini viko vingi hivi. Nimechagua nne, mbili ntazijibu kirefu maana zina mambo ndani yake, mbili juu juu.

SWALI: Fundi mambo. Mi niko Lindi mjini, nna kibanda umiza, deki yangu ilikufa nkachukua Raspberry Pi 4 kwa jamaa wa Dar nkaweka muvi zote kwenye flashi. Picha kwenye tv safi kabisa ila amplifaya kimya, na waya nmechomeka kwenye kile kitundu cha eafoni. Nikaona video moja inasema andika amixer cset numid=3 1, nmeandika mpaka vidole vinauma, hamna kitu. Muvi zangu nyingi ni zile za kutafsiriwa, sasa bila sauti ya mtafsiri watu wanaangalia nini? Na msimu wa korosho ndo huu, watu wana hela. Nisaidie kaka.

JIBU: Poa mdogo wangu. Hiyo komandi iache kwanza, sio ya uongo ila imepitwa. Zamani hiki kikompyuta kilikuwa na kadi moja tu ya sauti ndani yake na hiyo namba 3 ndo ilikuwa swichi, ukiweka 0 kinajichagulia chenyewe, ukiweka 1 kinatolea kwenye jeki, yani hicho kitundu chako cha eafoni, ukiweka 2 kinatolea HDMI, ule waya wa kwenda kwenye tv. Mwaka 2020 wenyewe wakabadilisha, kila tundu likawa kadi yake inayojitegemea, kwa hiyo we ulikuwa unabonyeza swichi ambayo ukutani walishaing'oa. Video za zamani bado ziko mtandaoni na hakuna anayezifuta, ndo maana kila siku naletewa tatizo hili hili.

Sauti yako haijapotea, iko kwenye tv. Chukua rimoti pandisha sauti ya tv uone. HDMI inabeba picha na sauti pamoja, na kikompyuta kikishaona tv mara nyingi kinapeleka vyote huko. Kama unatumia desktop yenye madirisha, pale juu kulia kuna alama ya kispika, ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi itakuja orodha, chagua AV Jack. Watu wengi safari yao inaishia hapo, wanachomoa mausi wanaenda kunywa chai.

Isipoishia hapo fungua teminali, lile dirisha la kuandikia komandi, andika aplay -l, hiyo ya mwisho ni herufi l ndogo sio moja. Kwenye Pi 4 utaona kadi tatu, moja imeandikwa Headphones, hiyo ndo jeki yako, na mbili zimeandikwa vc4hdmi0 na vc4hdmi1 maana Pi 4 ina matundu mawili ya HDMI. Kila kadi ina namba mbele yake na mafundi wengi wanaikariri ile namba, mi nakwambia usiikariri, namba zinahamahama, ukichomeka kadi ya USB au ukawasha bila tv unakuta Headphones jana ilikuwa 0 leo ni 2. Jina halihami, shika jina. Afu ipime moja kwa moja bila kupitia programu yoyote ya muvi:

speaker-test -D plughw:CARD=Headphones,DEV=0 -c 2 -t wav

Utasikia mtu anataja kwa Kizungu spika ya kushoto, afu ya kulia, anarudia rudia mpaka ubonyeze Ctrl na C. Ukimsikia ujue kompyuta ni nzima, waya ni mzima, amplifaya nzima, kilichobaki ni programu ya muvi tu. VLC kwa mfano ina menyu yake ya Audio na ndani yake kuna Audio Device, inaweza ikawa bado imeng'ang'ania HDMI hata kama desktop nzima umeshaihamisha.

Usipomsikia andika alsamixer. Bonyeza F6 chagua Headphones, utaona nguzo ya sauti na chini yake kakibox, kakiwa na MM sauti imefungwa, bonyeza herufi M igeuke 00, afu pandisha kwa mshale. Usijaze mpaka juu kabisa, acha kwenye themanini na kitu, kinachobaki malizia kwenye amplifaya maana ile jeki ikijazwa inakwaruza. Na ukichagua vc4hdmi humo ndani unaweza kuambiwa kadi haina cha kurekebisha, usishtuke, sauti ya HDMI inapandishwa kwenye tv.

Kama na hapo kimya, toka kwenye kompyuta nenda kwenye waya. Nkupe aibu yangu. Niliwahi kuitwa Newala kwenye harusi, nikapanda huko juu na baridi lile, miziki yote iko kwenye Pi, kufika kimya. Nikaformati memori kadi nikaanza upya, kimya, nikaformati tena mara ya pili, huku nyuma kina mama wameshaanza kupiga vigelegele bila muziki na mwenye shughuli ananiangalia jicho la pembeni. Kumbe kuna mtoto alizungusha ile nobu ya amplifaya ikahama AUX ikaenda TUNER, yani redio. Saa mbili zimeenda, na nobu yenyewe iko mbele ya pua yangu. Toka siku hiyo naanzia kwenye amplifaya: nachomeka simu kwanza, simu ikilia ndo naigusa kompyuta.

Alafu angalia pini ya waya wako. Kama ina mistari miwili myeusi, ule wa kawaida wa kwenda kwenye pini nyekundu na nyeupe, uko sawa. Kama ina mistari mitatu, yani ule wa kamera za zamani wenye pini ya njano, hapo kuna mtego, jeki ya Pi inabeba na picha pia na mpangilio wake ni kushoto, kulia, ethi, afu picha mwishoni kabisa, na sio kila waya umefata mpangilio huo. Ukikuta upande mmoja unanguruma na mwingine unaongea, hamisha pini, chomeka ya njano penye nyekundu uone. Na kwa sababu uko Lindi, chumvi ya bahari haina huruma na pini, ikiwa imefanya kijani ifute.

Kitu kimoja zaidi. Kuna watu watakwambia utengeneze faili la .asoundrc uandike humo kadi ya kutumia. Ni kweli kama umeweka ile Lite isiyo na desktop, mistari miwili inatosha:

defaults.pcm.card Headphones
defaults.ctl.card Headphones

Ila kwenye desktop ya sasa hivi usifanye. Pale chini kabisa kuna ALSA ndani ya keneli, ule moyo wa Linux, hiyo ndo inayoongea na kadi, lakini tangu toleo la mwishoni mwa 2023 juu yake amekaa PipeWire anayegawa sauti kwa programu zote, kabla yake alikuwepo PulseAudio. Ukiandika lile faili unakuwa na mabosi wawili nyumba moja, leo inalia kesho hailii, na utaniandikia tena.

SWALI: Habari za kazi fundi. Ni mwalimu wa sekondari upande wa Masasi. Tumeunganisha Raspberry Pi 4 na amplifaya na spika ya tarumbeta ili iwe kengele ya shule. Nikikaa mwenyewe nikaandika aplay kengele.wav inalia mpaka kijijini wanasikia. Nikiiweka kwenye cron ijipige yenyewe, saa inafika kimya. Na jingine, umeme ukikatika saa ya kompyuta inabaki nyuma. Tumekosea wapi?

JIBU: Mwalimu wangu, habari nzuri, na hongera maana wengi wanaishia kununua kengele ya ukutani. Hamjakosea sana.

Cron, ile programu inayoendesha komandi kwa ratiba, ni kama mlinzi wa usiku, saa anayo mkononi ila funguo za sebuleni hana. We ukikaa kwenye kiti umeshaingia kwa jina lako na neno la siri, PipeWire ameamka kwa ajili yako na aplay anajua pa kumkuta. Cron anaiamsha aplay bila hizo habari, anapapasa gizani, anakosa, ananyamaza, na hakuambii kitu maana hana hata pa kuandika lawama zake. Dawa rahisi ni kumruka PipeWire, mwelekeze mlinzi kwenye kadi yenyewe kwa jina lake:

30 7 * * 1-5 aplay -D plughw:CARD=Headphones,DEV=0 /home/shule/kengele.wav

Hapo neno shule weka jina mnaloingilia. Njia ya faili iandike nzima kuanzia mwanzo, usiandike kengele.wav peke yake. Dakika zinatangulia saa zinafuata, na saa ni ya Kizungu, kwa hiyo 30 7 ndo saa moja na nusu asubuhi yetu, na 1-5 ni Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi watoto walale. Ile plughw iache hivyo hivyo usiikate ikabaki hw, maana plughw inajirekebisha yenyewe kama faili limerekodiwa kwa kasi ambayo kadi haiitaki.

Na mkibadilisha mlio msiweke mp3. Aplay haijui mp3, haitakataa, itaicheza kama ilivyo na shule nzima itasikia mngurumo wa ajabu kama mashine ya kusaga imekwama. Geuzeni kwanza kwa ffmpeg -i kengele.mp3 kengele.wav.

Sasa saa. Kikompyuta hichi cha Pi 4 hakina betri ya saa ndani, kinachofanya ni kuandika saa ya mwisho kwenye memori kadi na kikiwaka tena kinaendelea palepale kilipoishia mpaka kipate intaneti kijirekebishe. Umeme ukikatika saa nane usiku ukarudi kumi na moja alfajiri, chenyewe kinaamini bado ni saa nane. Kama shule ina intaneti ya kudumu hili si tatizo. Kama haina, tafuteni moduli ya saa inaitwa DS3231, ina kibetri cha duara, inachomekwa kwenye zile pini za pembeni, afu kwenye faili la /boot/firmware/config.txt mnaongeza mstari dtoverlay=i2c-rtc,ds3231. Mkiwa humo humo hakikisheni mstari wa dtparam=audio=on upo na hauna alama ya reli (#) mbele yake, kuna mafundi wanaifunga wakiweka taa za rangi maana zile taa na sauti ya jeki zinagombania kitu kimoja, wanaondoka bila kusema.

Usisahau kuiambia kompyuta iko Tanzania: sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam. Mfumo usipoambiwa unajiona uko London. Mwenzako mmoja aliniletea cha kwake, kengele ya saa moja na nusu ilikuwa inalia saa nne na nusu, akawa anamlaumu fundi umeme.

SWALI: Kaka fundi, nimenunua Raspberry Pi 5 kwa hela nyingi, nimefika nayo Mtwara naifungua haina kabisa tundu la eafoni. Nimepigwa? Dada wa Shangani.

JIBU: Hujapigwa dada, ni kweli haina. Pi 5 iliyotoka mwaka 2023 waliitoa ile jeki, na zile ndogo za Zero hazijawahi kuwa nayo. Kwangu mimi sio hasara, ile jeki haijawahi kuwa ya kusifiwa, sauti yake nyembamba na ina kelele kwa nyuma. Tafuta kadi ya sauti ya USB, kale kadude kama flashi kenye vitundu viwili, cha eafoni na cha maiki, Linux inakijua bila kuweka draiva yoyote. Kabla ya kulipa mwambie muuzaji akichomeke kwenye laptopu usikilize masikio yote mawili, vingine upande mmoja umekufa toka kiwandani. Ukifika nyumbani andika aplay -l, mara nyingi kinajiita Device, basi hilo ndo jina lake, litumie penye Headphones kwenye maelezo ya hapo juu. Ukiwa na spika ya bluetooth nayo inakubali, ila kwenye muvi wakati mwingine midomo inatangulia sauti inafuata.

SWALI: Fundi mi sauti inatoka ila kuna mlio vuuuu hauishi, hata muziki ukisimama. Niko Tandahimba, ni ya dukani.

JIBU: Chomoa chaja ya Pi iache amplifaya inawaka. Mlio ukikata, mara nyingi kosa liko kwenye chaja, hizi za simu za bei ya chini hazifai, tumia ya volti 5 na ampea 3. Andika vcgencmd get_throttled, ikijibu 0x0 umeme unatosha, ikijibu kingine mara nyingi haujatosha, ila inaweza pia kuwa joto. Mlio usipokata ukiwa umechomoa, chomeka amplifaya na kila kitu kwenye ekstensheni moja, soketi moja ya ukutani, afu waya wa sauti usipite juu ya waya wa umeme. Kama upo sambamba na waya wa friji ya soda, uhamishe kwanza huo kabla hujanunua kitu chochote.