Re: Mdogo wangu anakunywa, na shamba ni letu sote

Pole, ndugu yangu wa Newala. Mdogo wako anamalizia hela ya korosho kwenye uraka na nipa (pombe za mabibo), na mama anakwambia uvumilie kwa kuwa ni damu yako.

Mwite mjomba. Kwetu huku neno lake lina uzito, na mama hatakuona unamtupa mwanawe. Mbele yake semeni wazi: malipo ya mnada wa korosho yakiingia kwenye akaunti, fungu la mdogo wako linunue kwanza chakula na ada za wanawe, kinachobaki apewe kidogo kidogo. Madeni ya kilabuni usilipe hata moja. (Watakuja mpaka mlangoni, jiandae.)

Kazini, siku akija ananuka pombe asiguse mashine ya kupulizia salfa (dawa ya mikorosho). Arudi nyumbani, ujira wa siku hiyo hana. Usigombane naye akiwa amelewa, ongea asubuhi.

Ila usimlazimishe kuacha ghafla. Mnywaji wa kila siku akikatishwa anaweza kutetemeka, hata kupata degedege. Mpeleke kwanza hospitali ya wilaya. Ikibidi watawapa rufaa ya Ligula, hospitali ya mkoa pale Mtwara.